Kurewaya mfumo wa chaji wa Land Rover ya zamani: kutoka dainamo hadi alteneta

Mwenye Land Rover Series IIA huijua dalili hii bila kuambiwa na fundi. Usiku, gari likiwa limesimama kwenye kizuizi cha barabarani na injini ikizunguka polepole, taa kubwa hufifia hadi rangi ya kaa la moto, taa nyekundu ya chaji huanza kupepesa kwenye dashibodi, na ukikanyaga mafuta kidogo mwanga hurudi. Gari halijaharibika. Dainamo ya Lucas C40, yaani mashine inayozalisha umeme kwa kuzungushwa na injini, iliyofungwa kwenye gari hilo kiwandani, hutoa ampea 22 injini ikiwa kwenye mwendo mzuri, na injini ikizunguka polepole haitoi kitu cha maana. Sasa piga hesabu ya matumizi. Taa kubwa mbili za wati 60 hula ampea 10. Taa ndogo, za nyuma na za dashibodi hula ampea 2 hadi 3. Koili ya plagi hula 3 au 4, na waipa 3 nyingine. Mvua ikikukuta usiku umekwisha kufika 18 au 20, na hapo hujawasha redio wala kuchaji simu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiondoa dainamo pamoja na kisanduku chake cha kudhibiti chaji, kile ambacho mafundi wengi hukiita katauti, kisha kufunga alteneta, mashine ya kuzalisha umeme iliyochukua nafasi ya dainamo, yenye kidhibiti cha volti ndani yake, na kuvuta upya nyaya zinazohusika. Nimeichagua Series IIA, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971, kwa sababu Series III iliyoifuata ilitoka kiwandani ikiwa na alteneta, kwa hiyo vyuma vya kuhamishia vinajulikana na vinapatikana. Mwenye gari jingine la Kiingereza la umri huo lenye umeme wa Lucas atakuta mengi yanafanana, hata rangi za nyaya.

Niseme mapema jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wameshalipa fedha nyingi: katika kazi hii alteneta ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni nyaya, na hasa njia ambayo umeme huitumia kurudi kwenye betri. Gari la baba yangu mdogo, Land Rover 109 (ile ndefu) ya mwaka 1966, lilifungwa alteneta tatu katika gereji moja ndani ya mwaka mmoja. Kila fundi alipofunga mpya aliichaji betri kwa mashine pia, kwa hiyo gari liliwaka vizuri wiki mbili tatu kisha likaurudia ugonjwa wake. Siku nilipolala chini yake mwenyewe na mita mkononi, taa zikiwa zimewashwa na injini inazunguka, nilipima kati ya ganda la alteneta na nguzo hasi ya betri nikakuta volti 1.6 mahali ambapo ilitakiwa iwe karibu na sifuri. Waya wa kusuka unaounganisha injini na fremu ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Mtu aliyeipaka fremu rangi ya buluu alikuwa ameipaka pamoja na mahali pa bolti, kisha akaukaza waya juu yake. Nilikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapima tena: 0.1. Alteneta mbili zilizokuwa zimetupwa stoo zilipopimwa zilionekana nzima kabisa.

Chanya bodini au hasi bodini?

Kabla ya kununua chochote, jua gari lako limeunganishwa vipi. Land Rover hizi zilitoka kiwandani zikiwa chanya bodini hadi mwaka 1967 hivi, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye fremu, kinyume cha magari tunayoyazoea leo. Alteneta za Lucas za aina ya ACR ni za hasi bodini tu, na ukiziunganisha kinyume daiodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, huungua papo hapo, kabla hujapata nafasi ya kuondoa mkono. Usiuamini mwaka wa kadi ya gari, wala usimwamini mwenye gari aliyetangulia, kwani magari haya yamepita mikono mingi. Fuata kwa macho waya mnene unaotoka kwenye fremu hadi kwenye betri, utazame alama ya nguzo uliyofungwa, kisha hakikisha kwa mita.

Likiwa chanya bodini, kuligeuza si kazi ngumu, lakini kila hatua ina sababu yake. Ondoa betri, igeuze, na ununue vibanio vipya vya nguzo. Nguzo chanya ni nene kuliko hasi, kwa hiyo vibanio vya zamani havitakubali: kimoja kitakuwa kikubwa na kingine kitagoma kuingia. Najua dawa yetu ya siku zote ni kupachika msumari au kipande cha bati ili kibanio kikaze. Msumari huo ndio utakaokuamsha asubuhi moja gari likikataa kuwaka, kwa kuwa stata huvuta mamia ya ampea na haivumilii mguso mdogo kama huo.

Baada ya betri, badilishana nyaya mbili nyembamba za koili. Kama koili yako ina alama za + na −, waya wa swichi ya kuwashia uende kwenye + na waya wa distribyuta uende kwenye −. Kama ni koili ya zamani yenye alama za SW na CB, iliyokuja na gari la chanya bodini, hamisha tu kila waya uende mahali pa mwenzake. Usipofanya hivyo gari litawaka, lakini cheche itaruka kinyume. Ncha ya kati ya plagi, ambayo ndiyo yenye joto zaidi, inatakiwa iwe upande wa hasi ili cheche iruke kwa urahisi. Ikiwa kinyume, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi, na utaanza kusikia injini ikikohoa kwenye mlima ukidhani ni kabureta.

Amita ya dashibodi, mita inayoonyesha ampea, nayo hubadilishwa nyaya zake mbili, la sivyo itasoma kinyumenyume. Stata haina shida, kwani huzunguka upande uleule hata ukiigeuzia umeme, na mota za waipa za miaka hiyo zenye koili badala ya sumaku za kudumu ni vivyo hivyo. Redio, feni ya kisasa yenye sumaku ya kudumu, au kifaa chochote cha kielektroniki alichoongeza mtu baadaye, kiondoe kwanza mpaka ujue waya wake wa chanya ni upi.

Kununua alteneta

Lucas 16ACR hutoa ampea 34, na 18ACR hutoa 43 hadi 45. Kwa gari lisilo na taa za ziada 16ACR inatosha kabisa, kwa sababu tofauti yake kubwa na dainamo haiko kwenye kiwango cha juu. Iko kwenye mwendo mdogo, ambako dainamo husinzia na alteneta tayari inafanya kazi. Ukienda maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi, usiulizie alteneta peke yake. Dai pia mkono wake wa kushikia kutoka injini ya lita 2.25 ya Series III, mkono wa kukazia mkanda, na puli inayolingana na mkanda wako, kwani masikio ya alteneta na ya dainamo hayakai mahali pamoja. Nimeona watu wakilehemu vipande vya chuma ili alteneta ikae kwenye kitako cha dainamo. Puli ikipinda hata milimita 3 kutoka kwenye mstari wa puli ya injini, mkanda hulika upande mmoja na beringi ya mbele huanza kulia.

Kwa alteneta ya mtumba, izungushe kwa mkono kwanza. Ikikwaruza au ikicheza, beringi zimekwisha. Muuzaji akikuruhusu kufungua kifuniko cha nyuma, tazama kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka: zikichomoza chini ya milimita 5 zinahitaji kubadilishwa, na hizo ni bei ndogo. Kisha pima omu kati ya pete mbili za shaba zinazoguswa na kaboni hizo. Ukipata kati ya 3 na 5, koili ya rota ni nzima. Ukipata namba isiyo na mwisho, waya umekatika ndani, na ukipata karibu na sifuri, imeungana yenyewe kwa yenyewe. Hatimaye weka ncha moja ya mita kwenye pete na nyingine kwenye mhimili wa chuma. Hapo hapatakiwi kupita kitu.

Tazama pia alama za terminali. ACR nyingi zina pini mbili kubwa zenye alama ya +, ambazo zimeunganishwa kwa ndani, na pini ndogo yenye alama ya IND, ambayo ni ya taa ya chaji. Za mwanzo zina pini nyingine yenye alama ya S, ambayo ni ya kuonja volti za betri. Ukiipata hiyo, waya wake uende moja kwa moja kwenye chanya ya betri, wala usiiache ikining'inia.

Unene wa waya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Waya wa zamani wa dainamo ulikadiriwa kwa ampea 22, na baada ya miaka hamsini na kitu ganda lake limekuwa kama biskuti. Kuutegemea upitishe 34 au 45 ni kuomba moto. Lakini hata waya usioungua unaweza kuwa mwembamba kupita kiasi, na hilo halionekani kwa macho. Chukua waya wa mita 2 wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ule ambao mafundi wa nyumba hutumia kwenye soketi. Upinzani wake ni kama omu 0.014, na ampea 34 zikipita humo unapoteza karibu nusu volti njiani. Alteneta inaona volti 14.2 na kuridhika, ilhali betri inapata 13.7, na betri iliyoshuka huchukua muda mrefu mno kujaa. Waya uleule ukiwa wa milimita za mraba 6 hupoteza volti 0.2 tu. Kwa hiyo tumia 6 kwa alteneta ya ampea 34, na 10 kwa ile ya ampea 45.

Waya wa nyumba una ubaya mwingine pia. Ndani yake mna uzi mmoja mgumu au nyuzi chache nene, na injini hutikisika maelfu ya mara kwa saa, kwa hiyo hukatika ndani ya ganda mahali ambapo huwezi kuona. Nunua waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ncha zake zibane kwa lagi za shaba kwa kutumia koleo la kubania, si plaizi wala nyundo. Wengine hupenda kulehemu kwa risasi, na mguso wake ni mzuri kweli, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzigandisha, na waya hukatika mwishoni mwa sehemu iliyoganda. Ukilehemu, basi ushikize waya karibu na ncha ili usitikisike.

Mfumo wa asili hauna fyuzi yoyote kwenye waya huu mnene. Ongeza moja. Kwa waya wa 6 weka fyuzi ya ampea 50, na kwa waya wa 10 weka ya 60, ndani ya kibebeo chenye kifuniko, karibu na betri kadiri unavyoweza. Kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya dhidi ya betri, ndiyo maana hukaa upande wa betri. Waya ukichubuka ukagusa fremu, ni betri itakayomimina umeme humo bila huruma, hata injini ikiwa imezimwa.

Kazi yenyewe

Vua saa na pete. Fungua kibanio cha upande wa bodi kwanza, kisha kile kingine, uitoe betri kabisa. Bolti za gari hili ni za inchi, kwa hiyo spana za 7/16, 1/2 na 9/16 ndizo zitakazotumika sana. Spana ya milimita itakubali siku moja na kuviringisha kichwa cha bolti siku ya pili.

Kabla ya kuchomoa waya wowote, piga picha ya kisanduku cha kudhibiti chaji na ubandike tepu yenye jina kwenye kila waya. Kisanduku cha RB106 kina terminali A, A1, F, D na E. Kile cha baadaye, RB340, kina B, F, D, WL na E. Waya mnene wa kahawia wenye mstari wa njano ndio uliotoka terminali D ya dainamo, na mwembamba wa kahawia wenye mstari wa kijani ndio wa F. Waya mweusi wa E ni wa bodi. Rangi huwa zimefutika kwa mafuta na vumbi. Pangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, sentimita chache kutoka kwenye ncha, zitajitokeza.

Toa dainamo, funga mkono mpya na alteneta, weka mkanda, lakini usikaze kwa mwisho bado. Chungulia kwa ubavuni kama puli zote ziko kwenye mstari mmoja. Kipande cha rula ndefu kikilazwa juu ya uso wa puli ya injini kinatakiwa kiiguse puli ya alteneta bila kuacha pengo.

Sasa waya wa kwanza, ule mnene. Utoke kwenye pini ya + ya alteneta, upite mbali na bomba la moshi, uingie kwenye fyuzi, kisha ufike kwenye solenoidi ya stata (swichi kubwa inayoipa stata umeme), kwenye bolti inayopokea waya wa betri, au kwenye betri yenyewe. Kila mahali unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira. Aluminiamu ya bodi ya Land Rover ina makali, na mtetemo utafanya kazi ya msumeno taratibu.

Nyaya zilizokuwa kwenye A na A1 ziunganishe pamoja, kwani hapo ndipo taa na swichi ya kuwashia zilipokuwa zikipata umeme kupitia ndani ya kisanduku. Ukisahau kuziunganisha, utawasha ufunguo na gari zima litakuwa kimya. Kwenye RB340 nyaya zote za B zikae pamoja vivyo hivyo. Waya mnene wa zamani wa D uutoe kabisa, au uuzibe ncha zote mbili na kuuacha umekufa.

Waya wa pili ni wa taa ya chaji. Kwenye mfumo wa dainamo taa hiyo hupata umeme wa swichi upande mmoja, na upande wa pili huingia kwenye D au WL. Huo upande wa pili ndio unaotakiwa uende IND. Badala ya kuvuta waya mpya kutoka dashibodi, unganisha waya mwembamba wa taa na ule waya wa F uliokwisha kukosa kazi, papo hapo kwenye kisanduku, na ncha ya pili ya F iliyokuwa kwenye dainamo uipeleke kwenye IND. Ukipinda waya huo na ganda lake likapasuka, usiutumie. Vuta mpya wa milimita ya mraba 1.

Wengi huidharau taa hiyo. Kwenye alteneta hii kazi yake si kuonya peke yake: umeme mdogo unaopita kwenye balbu yake ya wati 2.2 ndio unaoiamsha sumaku ya rota injini inapowaka. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isichaji mpaka uipandishe injini mwendo mkubwa, au isichaji kabisa. Kwa sababu hiyohiyo usiweke balbu ya LED mahali hapo, maana haipitishi umeme wa kutosha.

Waya wa tatu ndio ule wa bodi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haiwezi kutegemea fremu yenyewe. Weka waya mpya wa milimita za mraba 16 kutoka kwenye bolti ya ganda la alteneta, au kwenye injini karibu nayo, hadi pale waya hasi wa betri unapofungwa kwenye fremu. Kila mguso ukwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza kwa washa ya meno, halafu paka grisi juu yake baada ya kukaza. Kwa magari ya pwani, hewa ya chumvi huigeuza shaba kuwa unga wa kijani ndani ya ganda la waya. Ukiona rangi hiyo, kata mpaka ufike shaba nyekundu.

Jambo moja kuhusu amita. Kwa kuwa alteneta sasa inaingia moja kwa moja upande wa betri, amita ya dashibodi itaona tu umeme unaokwenda kwenye taa na swichi, na haitaonyesha chaji kamwe. Unaweza kuupitisha waya mpya kupitia kwake, lakini amita nyingi za wakati huo husoma hadi 30 tu, na kupeleka ampea 45 hadi dashibodi na kuzirudisha ni kuongeza urefu wa waya na hatari bila faida. Ushauri wangu ni kuifunga mita ya volti mahali pake. Hiyo itakueleza hali ya betri na ya alteneta kwa sindano moja.

Ukipata alteneta ya Toyota

Mafundi wengi wa rewaya watakushauri ufunge alteneta ya Toyota kwa sababu ndiyo iliyojaa sokoni, na si ushauri mbaya. Ile yenye plagi ya pini tatu huwa na alama za IG, S na L. IG hupata umeme wa swichi ya kuwashia, S huenda chanya ya betri, na L huenda kwenye taa ya chaji. Bolti kubwa ya B ndiyo ya waya mnene. Pini hazikai mpangilio mmoja kwenye kila alteneta, kwa hiyo soma alama zilizochongwa kwenye ganda, wala usikisie kwa rangi za plagi uliyokata kwenye gari jingine. Nyingi zake hutoa ampea 60 na zaidi: waya uwe wa 16, na fyuzi iendane na ukubwa wa alteneta. Puli yake mara nyingi ni ya mkanda wa mistari mingi, na itakubidi uibadilishe iwe ya mkanda wa V. Mkono wa kushikia utatengenezwa na mchomeleaji, na hapo rudi kwenye ile rula niliyoitaja.

Kuwasha na kupima

Kaza mkanda kiasi kwamba kidole gumba kikiusukuma katikati, kwenye nafasi ndefu zaidi kati ya puli, unazama sentimita moja hivi. Ukiwa legevu utapiga kelele taa zinapowashwa. Ukikazwa mno utaua beringi ya alteneta na ya pampu ya maji. Usitie bomba la chuma dhidi ya ganda la alteneta na kulivuta kwa nguvu zote. Ganda hilo ni la aluminiamu, na hupasuka. Sukuma upande wa mbele tu.

Rudisha betri, upande wa bodi uwe wa mwisho. Kabla ya kuwasha, pima betri: volti 12.6 au 12.7 ni iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12 ni ya kuchajiwa kwa mashine kwanza. Kuiachia alteneta kazi ya kuifufua betri iliyokufa ni kuichosha kwa saa nyingi mfululizo ikiwa kwenye kiwango chake cha mwisho.

Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya chaji iwake kwa mwanga kamili. Isipowaka, chomoa waya wa IND na uuguse kwenye bodi: ikiwaka sasa, waya na balbu ni vizima na tatizo liko ndani ya alteneta, mara nyingi kwenye kaboni; isipowaka, tafuta kwenye balbu au waya. Kisha washa injini. Taa izimike mara unapokanyaga mafuta kidogo na isirudi injini inaposhuka.

Pima nguzo za betri injini ikizunguka kwa mwendo wa wastani. Utakachotafuta ni kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 14.8 na kuendelea, kidhibiti kimekufa na betri itachemka. Utaisikia harufu ya yai bovu kabla hujafungua boneti. Sasa washa taa kubwa na waipa, na upime mara mbili zaidi, umeme ukiwa unapita. Kwanza kati ya pini ya + ya alteneta na nguzo chanya ya betri: isizidi volti 0.3. Pili kati ya ganda la alteneta na nguzo hasi: isizidi 0.2. Vipimo hivi viwili huchukua dakika moja, na ndivyo vilivyokosekana kwenye gari la baba mdogo kwa mwaka mzima.

Taa ya chaji ikiwaka hafifu, kama ncha ya sigara gizani, wakati injini inazunguka, usiizoee. Ama kuna daiodi iliyoungua, ama kuna mguso mbaya kwenye mojawapo ya zile njia mbili. Vilevile kuna desturi ya kuchomoa kibanio cha betri injini ikiwa inazunguka ili kuona kama gari litaendelea kuwaka. Kipimo hicho kilifaa siku za dainamo. Kwenye alteneta, kuondoa betri ghafla huinua volti kwa kishindo, na daiodi ulizonunua jana zinaweza kufa hapo hapo mbele yako. Ukitaka kulehemu fremu au bodi kwa umeme, chomoa plagi ya alteneta na vibanio vya betri kwanza.

Mwisho, zima kila kitu, chomoa kibanio hasi, na uweke mita ya ampea kati yake na nguzo. Gari hili halina saa wala kompyuta, kwa hiyo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona nusu ampea au zaidi na ukichomoa plagi ya alteneta inatoweka, daiodi zinavujisha, na betri yako itakuwa tupu ndani ya siku chache gari likiwa limeegeshwa. Mkanda mpya hunyooka kidogo mwanzoni. Urudie kuukaza baada ya kilomita 200 hivi, na siku hiyohiyo shika kila lagi kwa vidole gari likiwa limetoka safari. Iliyo ya moto kuliko nyingine haikubanwa vizuri.